Katiba ya Wafuga Kuku

Salma mwanangu,

Saa hii uko Tabata kumuaga shangazi yako, na mie nimekaa barazani na daftari lako la zamani la jiografia. Nimekuta kurasa safi mwishoni, nikaona ya nini kwenda dukani. Alasiri imeshaadhiniwa. Masufuria ya dua ya safari yako jana yameloweshwa uani, yananisubiri niyasugue, nayo leo yasubiri kidogo. Kesho alfajiri unapanda basi pale Mbezi, na nikisema niseme haya kwa mdomo najijua, nitaanza kulia, wewe utaanza kunicheka, na maneno yenyewe yatapotea hapo hapo. Bora niandike.

Sitakwambia uchemshe maji ya kunywa. Sitakwambia ufunge mlango wala uvae sweta kwa ajili ya baridi ya huko. Hayo nimekuimbia tangu una miaka mitano, hukushika hata moja, na Alhamdulillahi bado uko hai na umenenepa. Nataka kukwambia habari ya mhuri.

Tangu barua ya kazi ifike mtaa mzima unakuita Bi Mtendaji. Afisa mtendaji wa kijiji, tena Rukwa, ambako mie hata kwenye ndoto sijafika. Nimefurahi mpaka najionea haya, maana kila anayepita hapa barazani nimemsimulia, na wengine nimewasimulia mara mbili. Lakini wiki iliyopita, tulipokuwa tunakula, ulichukua kizibo cha soda ukakigonga mezani, ukasema, "Nikishagonga mhuri, maneno yamekwisha." Wote tulicheka. Mie nikaacha chakula nikaingia ndani, ukadhani ni presha. Haikuwa presha. Ni kwamba mzaha kama huo niliwahi kuusema mie, na siku hiyo sikuwa nafanya mzaha.

Unakumbuka ulipokuwa unajiandaa na usaili? Mie nakanda unga wa chapati, wewe unazunguka uani na kile kitabu cha Katiba, unajiuliza na kujijibu. Lengo kuu la katiba ya nchi ni nini? Ukawa unajibu moja kwa moja bila kumeza mate: kugawa madaraka, kuweka mipaka ya viongozi, kulinda haki za raia. Nilikusikia mpaka nikakariri na mie. Jibu zuri, na kazi wamekupa. Mie wangeniuliza ningejibu kwa habari ya sufuria, na nadhani wangenionyesha mlango.

Ulikuwa na miaka saba tulipoanzisha kikundi chetu cha Tushikane. Kabla ya hapo, msiba ukitokea hapa mtaani kwetu ilikuwa ni kukimbia nyumba hadi nyumba kuazima vyombo, huku marehemu yuko ndani na wageni wanaingia. Tukakaa wanawake ishirini na wawili, tukasema basi, tuwe na vyetu. Tukapata masufuria makubwa, maturubai mawili, viti vya plastiki na majamvi. Mwenzetu akifiwa, akioza mtoto, akisoma khitma, vyombo vinakwenda kwake na sie tunakwenda navyo. Hakuna kuombana.

Ili tuandikishwe, kata walitaka katiba ya kikundi. Nani kati yetu aliwahi kuandika katiba? Tulikwenda steshenari moja, mwenye duka akasema anazo zimeshachapwa, anabadilisha jina tu. Tukachukua, tukasaini wote, wengine kwa dole gumba, na hakuna aliyesoma hata mstari. Baadaye sana ndiyo tukagundua kuwa ilikuwa ya kikundi cha wafuga kuku. Jina alibadilisha ukurasa wa kwanza, ndani akaacha vilevile. Ibara ya sita inasema mwanachama haruhusiwi kuingiza kuku mgonjwa bandani. Kopi moja ilibaki kata, nyingine nikaifukia chini ya godoro.

Mie nikachaguliwa mwenyekiti, kwa sababu nina sauti na kwa sababu nyumba yetu ina stoo. Na kazi niliifanya, mwanangu, hilo silinyimi haki yake. Nilikuwa nafika msibani kabla ya ndugu wa marehemu. Lakini polepole nikaonja kitu. Nikiingia mahali wanawake wananipisha. Nikisema chumvi imezidi, hata kama haikuzidi, wanaongeza maji. Ufunguo wa stoo niliufunga kwenye pindo la khanga, na marehemu baba yako, Mungu amrehemu, akaniambia siku moja, "Hiyo stoo siku hizi umeihamishia kiunoni." Nilimwambia akashughulike na makontena yake ya bandarini.

Kipindi cha mwenyekiti kilikuwa miaka mitatu. Ukafika mwaka wa sita, hatujafanya uchaguzi wala hatujakaa kuusema. Ndipo kwenye kikao mama Zuhura akanyoosha mkono. Unamjua Mwanahawa alivyo, yule wa maandazi pale kona. Mkavu, maneno kwake ni ya kupimwa, na mie na yeye hatukuwahi kupikika chungu kimoja tangu tulipohamia hapa. Akauliza tu, "Mwenyekiti, uchaguzi lini?" Nilihisi nimevuliwa nguo. Nikamjibu kwamba anayekitaka kiti kwanza ajifunze kupika wali wa watu mia mbili usiungue. Wenzangu wakacheka, yeye akakaa chini.

Wiki chache baadaye nafungua stoo kutoa vyombo vya harusi, sufuria kubwa kuliko yote halipo. Lile lenye jina la kikundi kwa rangi nyekundu. Nikajaribu kukumbuka mara ya mwisho nililiona wapi, na akili yangu ikanipeleka moja kwa moja kwenye khitma ya kwa Mwanahawa. Sikuuliza mtu. Sikufungua daftari la vyombo. Nilikwenda asubuhi hiyohiyo mpaka mezani kwake, watu wamejaa wanasubiri maandazi, nikamwambia mbele yao kwamba ameiba chombo cha watu na kuanzia leo si mwanachama.

Akafuta mikono kwenye aproni. "Niite kwenye mkutano," akasema.

"Mkutano ni mie," nikamjibu.

Ndiyo huo mzaha wako, Salma. Na wenzangu waliokuwepo pale, wanachama wanne au watano, waliangalia maandazi.

Masika ya mwaka huo mama yake Mwanahawa akafariki. Kikundi hakikwenda. Sikumkataza mtu, na hili nilijitetea nalo muda mrefu, kwamba sikumkataza mtu. Hawakuja tu kuniomba ufunguo, kwa sababu walinijua. Wanaume walisimama kwenye vibaraza vya majirani, mvua inawapiga miguuni. Wali ulipikwa kwa zamu kwenye visufuria vya nyumba tatu, na wageni waliotoka Rufiji walikula jua linazama. Wewe ulirudi kutoka shule umelowa, ukaniambia, "Mama, kwa kina Zuhura watu wananyeshewa. Turubai si lipo?" Nilikwambia mambo ya wakubwa hayakuhusu. Maturubai yalikuwa yamekunjwa stooni, hatua kumi kutoka uliposimama. Sikwenda hata kutoa mkono wa pole.

Kisha ikaja Idi, tukaenda Kinyerezi kwa wifi yangu Asha. Ulikwenda uani kusaidia kuosha vyombo, ukarudi mbio umefurahi kama mtu aliyeokota dhahabu. Ukaninong'oneza, "Mama, sufuria la kikundi liko hapa. Lina jina." Na pale pale nikakumbuka kila kitu. Ni mie niliyempelekea Asha, kwa ajili ya harusi ya binti yake. Nilifungua kwa ufunguo wangu, sikuandika kwenye daftari, sikumwambia katibu, kama vile ni sufuria nililotoka nalo kwetu.

Nikakufinya. Hapa juu ya kiwiko, kwa kucha. Ukanitazama, ukanyamaza, na hukulitaja tena sufuria lile, si njiani, si nyumbani, si siku nyingine yoyote. Katika yote niliyoyafanya, ni hilo ninalorudia kuliwaza. Mwanahawa nilimdhulumu nikiwa na hasira. Wewe nilikudhulumu akili yangu ikiwa timamu. Nilikufundisha kwamba mwenye ufunguo akikosea, wengine wanyamaze. Ulikuwa na miaka kumi na mitatu. Nisamehe, mama. Nimechelewa miaka mingi kulisema, lakini nalisema kabla hujaondoka.

Na usiniulize kwa nini sikurudi nyumbani nikasema ukweli. Niliogopa kunyang'anywa ufunguo, basi. Nilimwambia Asha akae nalo tu, hatuna shida nalo.

Asha ana roho nzuri, sasa roho nzuri ndiyo iliyonimaliza. Akaona anatusumbua. Baada ya miezi miwili akakodi bajaji, sufuria halikuingia ndani, wakalifunga juu kwa kamba. Kufika mtaani kwetu, ambako huja kwa nadra, akapotea. Akasimama kuuliza njia, na katika watu wote wa Temeke akamuuliza Mwanahawa: samahani dada, kwa mama Salma ni wapi, namrudishia sufuria lake. Maandishi mekundu yanawaka juu pale. Cheka, nimekuruhusu, hata mie siku hizi nacheka. Mwanahawa akamwonyesha njia vizuri kabisa. Kisha akavua aproni, akaacha maandazi yake kwa Zuhura, akaenda kata.

Huko afisa maendeleo ya jamii alimtolea ile katiba yetu. Mwanahawa akatoa kopi, akakaa nayo akaisoma yote, pamoja na kuku wake. Akakuta ibara ya kumi na moja: mwanachama hatafukuzwa mpaka aitwe mbele ya mkutano, aelezwe kosa lake, apewe nafasi ya kujieleza. Akakuta pia kwamba theluthi ya wanachama wakitia saini, mkutano unaitishwa, mwenyekiti apende asipende. Yule afisa akamwambia, kwa karatasi hii wewe hukuwahi kufukuzwa, ulifokewa tu. Saini alizipata kabla ya Ijumaa.

Mkutano ulifanyika kwenye uwanja wa madrasa. Nilikwenda nikijua kinachonisubiri. Wale waliokuwa wakicheka vichekesho vyangu ndio waliokuwa na sauti kubwa kuliko wote. Atoke, mwizi, tusipoteze muda, mambo yanajulikana. Hakuna aliyeniwekea kiti. Nilisimama katikati na khanga yangu, na ndipo nikajua Mwanahawa alisimama na kitu gani ile asubuhi pale mezani kwake. Na yeye akasimama, karatasi mkononi. Nikasema moyoni, leo ananizika.

"Ibara ya kumi na moja," akasema. "Aelezwe kosa lake, apewe nafasi ajieleze. Hata yeye."

Mmoja akadakia kwamba katiba yenyewe ni ya wafuga kuku, tuachane nayo. Mwanahawa hakumgeukia. "Ya kuku au ya watu, tulisaini," akasema. Akatoka alipokuwa, akachukua kiti cha plastiki, kimojawapo cha vile vya kikundi, akakiweka nyuma yangu.

"Kaa, mama Salma. Tunakusikiliza."

Nikakaa. Nikaeleza habari ya sufuria, habari ya ufunguo, habari ya mvua. Nililia, nikasahau nilipofikia, nikarudia, na hawakunikatiza. Kisha wakapiga kura. Uenyekiti ukaondoka, na hilo halikuchukua hata dakika. Kura ya pili ilikuwa ya uanachama, nitoke au nibaki. Nilibaki kwa tofauti ya mikono michache sana. Na mkono wa Mwanahawa, mwanangu, uliinuliwa upande wa wanaotaka nitoke. Niliuona kwa macho yangu. Una kovu la mafuta ya moto hapa kwenye kiganja.

Hilo lilinichukua muda kulielewa. Kwa nini unikalishe kitini, uwanyamazishe watu kwa ajili yangu, halafu unipigie kura ya kunitoa? Nilimdhania mnafiki. Nilimdhania ana kiburi. Mpaka baba yako alipofariki.

Unakumbuka siku ile. Mie bado nimelala sakafuni, kilio cha kwanza hakijaisha, nikasikia nje vyuma vinagongana. Maturubai yalikuwa yanasimamishwa. Ukaja ukaniambia kikundi kimefika. Mwanahawa, mwenyekiti wakati huo, aliingia chumbani, hakunikumbatia, hakunipangusa machozi. Akasema, "Pole, mama Salma. Mchele tumeshaosha." Akatoka. Siku tatu alikoroga wali kwenye sufuria lilelile, jua la saa saba kichwani, na wageni wetu wote walikula kwa wakati na walikaa kivulini. Baba yako alizikwa kwa heshima yake yote. Kila nikikumbuka nashukuru, na nikimaliza kushukuru naanza upya.

Mwanamke yule hanipendi. Hata leo salamu yake ni fupi. Na hapo ndipo nilipoona katiba ni kitu gani. Mtu anayekupenda atakupa turubai hata pasipo karatasi. Karatasi ni kwa ajili ya siku utakayokuwa mikononi mwa mtu asiyekupenda, ili na huyo ashindwe kukuacha kwenye mvua. Tena ni kwa ajili ya siku ambayo wewe ndiye mwenye ufunguo na una hasira. Tuliisaini tukiwa hatuna ugomvi na mtu, tunacheka, tunakunywa soda. Na kweli ilikuwa ya kuku, na hatukuisoma, na bado ilituokoa wote wawili, kwanza yeye, kisha mie niliyeikanyaga.

Nimekisoma kitabu chako cha Katiba ya nchi, si chote, usinitahini. Mengine yamenipita kimo. Lakini kuna mahali wameandika kwamba jambo la mtu likitaka kuamuliwa, apewe kwanza nafasi ya kusikilizwa kikamilifu. Nilipofika hapo niliweka kitabu chini nikacheka peke yangu. Si ndiyo ile ibara yetu? Wametia nchi nzima mahali pa wanawake ishirini na wawili, na rais mahali pa mwenyekiti, na mtendaji wa kijiji naye yumo humo humo, na mhuri wake.

Huko uendako, Salma, watu wa kukupigia makofi utawapata wiki ya kwanza. Wasikupe shida. Atakuja mmoja mkavu, hana hata salamu nzuri, atanyoosha mkono aulize mkutano mkuu wa kijiji lini, au mpaka wa shamba lake umeamuliwa na nani naye hakuwepo. Utahisi joto linakupanda shingoni. Nalijua joto hilo, umelirithi kwangu, baba yako hakuwa nalo. Si lazima umpende. Mimi mwenyewe nimeishi vizuri miaka yote hii kwa mtu asiyenipenda. Na kama ni wewe umekosea, na mtu mdogo kuliko wote akakuona, usimfinye.

Jana kwenye dua yako vyombo alivileta Mwanahawa, kama uliona. Siku hizi mwenyekiti ni mwingine, yeye alikaa vipindi vyake viwili akatoka, hakuna aliyemkumbusha. Aliponiona niko peke yangu uani akaniuliza unaondoka lini, nikamwambia kesho kutwa. Akatoa mfuko wa nailoni alioufunga kwenye khanga yake, akasema, "Mpe." Ni ile kopi yake, ile aliyoitoa kata. Ina madoa ya mafuta ya maandazi na ibara ya kumi na moja ameipigia mstari kwa wino wa bluu. Nikamuuliza ya nini sasa, mtoto ana kitabu kizima cha serikali. Akasema, "Si atakuwa na ofisi?" Akaenda zake kuhesabu viti.

Nimekuwekea kwenye begi, chini ya sweta ambalo hutalivaa. Ninakushukuru kwa kuwa mwanangu, kwa kunyamaza ulivyonyamaza, na zaidi kwa kuwa hukujifunza nilichokufundisha siku ile Kinyerezi, maana nimekuona ukibishana na wakubwa tangu hapo, na kila mara nimefurahi kimoyomoyo. Nenda na radhi zangu zote.

Ofisi yenyewe wanasema ni chumba kimoja na meza. Tafuta viti viwili. Hicho cha pili usikiwekee mafaili.

Mama yako,
mwanachama wa kawaida, Tushikane